Geti la Nyuma

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Huku tupo salama. Tunatumaini sikio lako la kulia bado linafanya kazi, maana la kushoto tulilizika kwenye simu ya mwisho. Nilikuuliza kama umekula, ukanijibu kwamba imenyesha tangu juzi. Mama akasema basi, mambo ya simu na huyu mdogo wangu yamekwisha, turudi kwenye barua. Ndiyo hii.

Mama hajambo, isipokuwa magoti. Binti yangu amepanda darasa na siku hizi anasoma kwa sauti kila kinachopita mbele yake, hata maandishi ya kwenye sabuni. Mimi bado najalidi vitabu. Mwaka jana nilijalidi tasnifu mia moja na kumi na mbili. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akizimaliza hizo kwa wiki mbili, wakati geti la nyuma la chuo lilipokuwa wazi na wanafunzi wakimiminika mtaani kwetu.

Sasa habari yenyewe. Unaujua ulivyo mtaa huu, au niseme ulivyokuwa. Barabara yetu ina nyumba sitini na nne. Kumi na tisa kati ya hizo zina vyumba vilivyofungwa kufuli kwa sababu hakuna mpangaji. Duka la madaftari lilifungwa, la kunakili karatasi likafuata. Wanafunzi wanatuona kutoka madirisha ya maktaba, ghorofa ya tatu, kama mtu anavyotazama ng'ambo ya mto usio na daraja. Tuko ubavuni mwa chuo kikubwa, na chuo kimetupa kisogo kwa miaka ishirini na miwili.

Mwezi wa kumi mtaro ulifurika ukaingia kwa kinyozi. Yule tunayemwita Dokta, kwa kuwa hakuna kichwa anachokishika bila kukitajia ugonjwa. Dokta hakungoja manispaa. Aliweka mkasi chini akachukua jembe. Siku ya kwanza alichimba peke yake, watu wakimcheka. Siku ya tatu tulikuwa tisa. Siku ya sita mhadhiri mmoja wa mipango miji, mama mwembamba mwenye viatu vizuri, alikuja kuchukua ripoti aliyoniletea kujalidi, akatukuta tumejaa matope. Alirudi kesho yake bila vile viatu, na wanafunzi kumi na wanne wenye futi za kupimia.

Tangu hapo tuna utaratibu wetu. Tangu Januari, kila Jumamosi, mvua ikiruhusu, tunatengeneza mlango mmoja. Hatugusi mtaa mzima, wala hata nyumba nzima. Tunashughulikia mbele ya nyumba moja tu: mlango, ngazi, taa, mtaro, namba ya nyumba, tunamaliza siku hiyohiyo. Jumamosi inayofuata ni zamu ya mwingine. Tumemaliza milango mitano.

Lakini milango mizuri isiyopitwa na watu ni picha tu. Tunataka kuwaandikia wakuu wa chuo wafungue geti la nyuma. Wewe ndiye mwandishi wa ukoo. Tuandike vipi ili wasome mpaka mwisho?

Mpwa wako.


27 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenikuta nikiwa mzima. Sikio la kulia lipo, la kushoto halinidai wala silidai. Msalimie dada yangu, mwambie asipande ngazi kwa ubishi. Mjukuu wetu mwambie aendelee na sabuni, ndivyo nilivyoanza.

Hapa gazeti letu ni dogo, kurasa kumi na mbili, lakini linatoka kila siku na watu wanalingoja. Nasimamia chumba cha habari na kufundisha waandishi wapya watatu. Jana mmoja aliandika kwamba mkutanoni walikuwepo "watu wengi sana". Nilimrudishia karatasi mara tatu. Mara ya nne alileta mia mbili na sita. Nilimuuliza amejuaje. Akasema amehesabu viti, akatoa vilivyokuwa vitupu. Nikamwambia sasa umekuwa mwandishi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nimeandika habari za miji kwa miaka mingi, na miradi ya kufufua mitaa nimeiona ikizinduliwa kwa utepe na kufa kabla utepe haujachakaa. Huu wa mlango mmoja ni tofauti, nami sisemi hivyo kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu. Mtu akishatengenezewa mlango wake anaona aibu kukosa kwa jirani Jumamosi inayofuata. Nani aliubuni? Nataka kumjua.

Kuhusu kuandika: msiombe wala msilalamike, pimeni. Andikeni mwendo ni dakika ngapi kuzunguka ukuta, vyumba vingapi viko vitupu, na wanafunzi wangapi wanalala mbali. Barua isizidi kurasa mbili. Sahihi ziwe za watu wanaoishi hapo, si za marafiki wa mtaa.

Kuhusu geti lenyewe sina la kuongeza.

Mjomba wako.


2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mama anasema ngazi atapanda, na wewe uliye mbali huwezi kumshusha. Binti yangu ameumwa mafua wiki nzima, sasa amepona na amerudi kwenye sabuni. Mimi nimejichoma kidole kwa sindano ya kushonea kurasa, si kitu.

Uliuliza nani alibuni mlango mmoja. Ni fundi bomba. Ni mama wa makamo, tunamwita Kimya kwa kuwa kwa siku hutamka maneno matatu, na mawili kati yake ni "leta spana". Kwenye kikao cha kwanza watu waligombana saa mbili nzima kuhusu tuanzie wapi. Kimya akainuka, akasema, "Kwa huyu," akionyesha nyumba iliyokuwa karibu yake, akatoka nje na begi lake la vifaa. Tukamfuata. Hivyo tu.

Mlango wa tisa ulikuwa wa dereva mstaafu, yule mfuga kuku. Tulipofika na rangi, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Nyumba yangu mnaipaka kijani kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kwako, baba," nikasema. "Ulitia sahihi."

"Nilitia sahihi nikiwa sina miwani."

"Basi na leo ivue," Dokta akamjibu, "tumalize kabla hujaona."

Alinuna mpaka saa sita. Saa saba alikuwa juu ya kiti anatuonyesha tulipopasahau.

Tumepima kama ulivyosema. Kutoka karakana yangu mpaka mlango wa maktaba ya chuo, kwa kuzunguka ukuta, ni dakika thelathini na saba. Kupitia geti la nyuma, ni dakika nne. Utauliza tumepimaje geti lililofungwa. Mhadhiri alitembea kutoka maktaba mpaka getini upande wake, mimi nikatembea kutoka karakana mpaka getini upande wangu, tukagonga bati ili kila mmoja ajue mwenzake amefika, tukajumlisha. Mhadhiri alicheka kule ndani, nami nilimsikia vizuri kabisa. Tulitenganishwa na bati tu.

Wanafunzi wake wamepima vyumba vyote vitupu, thelathini na saba: upana, dirisha, choo, maji. Wenye nyumba wamekubali kila chumba kipite mikononi mwa Kimya kabla ya kupangishwa. Vinane amevikataa. Mmoja wa wenye nyumba alimwita mchawi. Kimya akasema, "Bomba linavuja," akaondoka. Wiki iliyofuata bomba lilikuwa limetengenezwa.

Barua yetu ilikuwa kurasa mbili kasoro mistari minne. Chuo kimejibu. Wameunda kamati, mwenyekiti wake amekuja mwenyewe kuiona barabara na ametusifu. Shida ni mkuu wa ulinzi. Amesema geti lilifungwa kwa sababu nzito, na zipo kumbukumbu. Kumbukumbu gani? Watu wazima wa hapa wanasema lilifungwa ghafla tu, asubuhi moja, baada ya gazeti kuandika jambo kuhusu wizi. Hakuna anayekumbuka vizuri. Mama nikimuuliza anakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni.

Wakati ule wewe ulikuwa mwandishi hapa mjini. Unakumbuka ilikuwaje?

Mpwa wako.


30 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na nne Aprili, kwa hiyo kuchelewa ni kwangu, si kwa posta. Mwandishi wetu mmoja aliugua, nikafanya kazi ya wawili. Paa la chumba changu linavuja pembe moja. Desemba nastaafu mapema, kwa ajili ya sikio, na tayari wameanza kuniuliza nitataka nini siku ya kuniaga. Nimesema kiti chenye mgongo.

Pole na kidole. Mafua ya mtoto namshukuru Mungu yamepita.

Hesabu yenu ya dakika nne niliisoma chumba cha habari kwa sauti. Nilimwambia kila mmoja aniambie angeipimaje njia iliyozibwa. Wa kwanza alisema angekadiria. Wa pili alisema angemuuliza mlinzi. Wa tatu alisema haipimiki. Nikawasomea mlivyofanya, wakapiga makofi. Kuhusu Kimya, mwambie kwamba katika kazi yangu nimekutana na mawaziri ambao sikuwaandikia hata mstari mmoja wa sifa, na yeye ningemwandikia ukurasa.

Ushauri wangu ni kwamba geti lisiwe kila kitu. Ukuta ni mrefu, mnaweza kuomba njia mahali pengine, au basi la chuo lipite upande wenu. Kamati zinapenda kupewa mlango wa kutokea.

Uliuliza kama nakumbuka. Nilikuwa kijana, nikiandika habari sita au saba kwa wiki. Ni muda mrefu.

Mjomba wako.


12 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sote wazima. Nitakwenda moja kwa moja.

Mhadhiri ameruhusiwa kuona faili la geti, nami nimeliona pamoja naye. Ni jembamba. Ndani mna vitu vitatu. Cha kwanza ni kipande cha gazeti, ukurasa wa mbele: "Matukio 41 ya Uporaji Katika Miezi Mitatu: Mtaa wa Nyuma ya Chuo Wageuka Pango." Juu yake pameandikwa Na Mwandishi Wetu. Cha pili ni amri ya kufunga geti, iliyotolewa siku tatu baada ya gazeti hilo. Cha tatu ni barua ya mhariri, akiujibu uongozi wa chuo uliotaka kujua habari hiyo ni ya kuaminika kiasi gani. Mhariri anasema ni ya kuaminika kabisa, kwa kuwa mwandishi wake ni kijana makini aliyezaliwa katika mtaa huohuo. Ametajwa jina.

Silirudii hapa, kwa sababu mama huzipitia barua zangu kabla sijazifunga.

Mkuu wa ulinzi amesema hatafungua geti juu ya matukio arobaini na moja. Kituo cha polisi kilihamishwa, vitabu vya miaka ile havipo. Wazee wetu wanasema hatukuwa hivyo, naye anawajibu kwamba kumbukumbu ya mtu si ushahidi, gazeti ni ushahidi. Kwa hapo siwezi kumlaumu.

Nina swali moja, na silo la nani aliandika. Ile arobaini na moja ni sahihi?

Kamati inakaa tarehe ishirini Agosti. Huo ndio mwisho wake. Ikikataa, mhadhiri anasema ardhi iliyo ndani ya geti itajengwa ghala, na ghala halina njia.

Milango imefika kumi na minane.

Mpwa wako.


11 Julai

Mpwa wangu,

Nakusalimu, wewe na mtoto. Mimi ni mzima.

Si sahihi. Ni sita.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa mpangilio, ili ukiulizwa uweze kujibu.

Kituo cha polisi wakati ule kilikuwa mtaani kwetu, mlango wa pili kutoka mgahawa wa mama yako. Kilihudumia mitaa mitano. Askari wa kaunta alinipa kitabu cha matukio kwa dakika ishirini, kwa kuwa tulifahamiana kwa chai ya dada yangu. Kitabu kilikuwa na safu tano: namba, tarehe, mlalamikaji, mahali, aina ya kosa. Nilinakili safu zote tano kwenye daftari langu, miezi mitatu, kwa mwandiko wa haraka. Ofisini nilihesabu mistari yenye neno uporaji. Ilikuwa arobaini na moja. Safu ya mahali niliinakili lakini sikuisoma. Kituo kipo kwetu, nikaona kila kilichomo ni cha kwetu. Kosa ni hilo, halina jingine nyuma yake. Sikupokea kitu, sikutumwa na mtu.

Siku tisa baadaye nilifungua daftari kuandika habari ya pili. Ndipo niliposoma safu ya nne. Matukio thelathini na matano yalitokea katika mitaa mingine minne, mengi karibu na soko kuu. Sita yalikuwa kwetu. Geti lilikuwa limefungwa tayari.

Nilimpelekea mhariri. Alisoma, akaniuliza, "Geti limeshafungwa. Ukisahihisha leo, unamsahihishia nani?"

Nilikuwa na jibu. Dada yangu alikuwa amepunguza meza kutoka nane hadi tano. Ningeweza kumtaja. Sikumtaja. Mwezi uliofuata nilihamishiwa makao makuu, kwa sababu ya habari hiyo, na miezi saba baada ya geti kufungwa mgahawa ukafungwa. Mengine unayajua kuliko mimi, kwa kuwa wewe uliishi hapo.

Ndani ya bahasha hii mna daftari lenyewe. Sikuwahi kulitupa. Kurasa za habari hii ni ya kumi na moja hadi ya kumi na tano. Pia mna tamko langu, lina sahihi yangu na muhuri wa wakili. Gazeti letu litachapisha masahihisho hayo kwa jina langu ukurasa wa pili, na nimeliandikia lile gazeti la zamani nao wachapishe. Wamesema watafikiri. Kabla ya yote niliwaambia wale vijana watatu. Mmoja alichukua kalamu akaanza kuandika, kisha akasita. Nikamwambia andika.

Jambo moja nakuomba uliangalie kwa makini. Usikubali mtu wa mtaani aipunguze sita ikawa sifuri. Watashawishika. Mmoja wa wale sita alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza, alipigwa palepale getini akapoteza jino. Nilimhoji mwenyewe, na alisema kweli. Sita ni sita. Isomwe hivyo.

Barua zako zote nimeziweka. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, nikifundisha watu kuhesabu. Wewe na kinyozi na fundi bomba mmeijenga upya barabara niliyoibomoa kwa mchana mmoja, na hamkuwa mkijua ni nani mnayemwomba ushauri. Sitasema zaidi ya hapo, nisije nikageuza barua hii kuwa yangu.

Karatasi iliyofungwa kwa gundi ni ya mama yako. Usiifungue.

Mjomba wako.


25 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Tunaendelea vizuri. Mama anauliza utakuja kwa basi au kwa treni. Nimemwambia hujasema kama unakuja kabisa. Akasema hakuuliza hilo.

Nianze na mtaani. Niliwasomea tamko lako Jumamosi kabla ya kikao, tukiwa kwenye mlango wa ishirini na tano. Hawakukupigia makofi. Dereva mstaafu alisema watoto wake wawili walihama kwa ajili ya lile geti, akaingia ndani. Dokta alisema siku ukitia mguu hapa atakunyoa upande mmoja tu wa kichwa ili kila mtu akujue. Kisha ikatokea kama ulivyosema. Mwenye nyumba mmoja akasema, "Sasa si tuseme tu hakukuwa na wizi? Daftari lenyewe nani atalisoma, mwandiko kama wa kuku." Wengine wakaitikia. Kimya akasema, "Yule msichana aliugulia kwangu." Hatukuwa tukijua. Alimwosha mdomo kwa maji ya bomba lake mwenyewe. Basi, habari ya sifuri ikaishia hapo.

Tarehe ishirini tulikwenda watano. Chumba kirefu, meza ya kung'aa, maji ya chupa. Nilisoma tamko lako lote. Kisha daftari likazunguka mezani mkono kwa mkono. Mkuu wa ulinzi alivaa miwani, akafuata safu ya nne kwa kidole, mstari baada ya mstari, kurasa zote tano. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika mwisho akaniuliza:

"Huyu mwandishi ni nani wako?"

Mhadhiri akaniangalia. Ningeweza kusema ni mtu wa gazeti.

"Ni mjomba wangu," nikasema. "Mdogo wake mama yangu."

"Kwa hiyo anautetea mtaa wa dada yake."

"Angekuwa anatutetea angesema sifuri, mzee. Amesema sita. Na ametueleza jinsi mmoja wao alivyopigwa hapo getini kwenu."

Alivua miwani. Akasema kwamba yule msichana anamkumbuka, yeye mwenyewe alikuwa zamu siku ile, alikuwa mlinzi wa kawaida tu. Akasema miaka yote amekuwa akijiambia kwamba kama walikuwepo arobaini wengine, basi kufunga kulikuwa ndiyo dawa. Halafu akamgeukia mwenyekiti. "Sita kwa miezi mitatu, geti kubwa la mbele hupata zaidi. Mimi sina pingamizi. Lakini nataka taa, na nataka walinzi wawili, mmoja wangu na mmoja wao."

Wamekubali kwa muhula mmoja wa majaribio, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo wataamua. Si ushindi wote, na mhadhiri ametuonya tusishangilie kabla muhula haujaisha. Tulishangilia.

Bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu. Kimya na fundi wa chuo walizipiga grisi, wakazigonga, wakabadilisha ya chini, asubuhi nzima. Jana, Jumatatu, likafunguka. Wakuu walikuwa wamejipanga na hotuba zao, lakini wa kwanza kupita alikuwa kuku wa dereva mstaafu, akaingia chuoni kana kwamba amechelewa darasa. Mwenyewe alitoka ndani kumkimbilia, na hivyo wa pili kupita akawa yeye. Hakurudi haraka. Nilimwona amesimama chini ya maktaba anaangalia madirisha.

Wanafunzi walianza kuja saa nne. Mpaka jioni watu kumi na mmoja walikuja kuulizia vyumba, na watatu waliniletea tasnifu.

Kuhusu ile karatasi. Mama alikaa nayo chumbani mchana mzima. Alipotoka alikuwa ameikunja ndogo kabisa. Nikamwambia, mama, huna haja ya kunieleza. Akasema, "Nilijua." Yule askari wa kaunta alimwambia wiki ileile, akinywa chai, kwamba kijana wako amehesabu mitaa mitano. Nikamuuliza kwa nini basi hakumwambia mtu, hata wewe mwenyewe.

"Alikuja mbio na lile gazeti," akasema, "akaliweka mezani kwa wateja, chai ikawamwagikia. Akaniambia, dada, ukurasa wa mbele. Sijawahi kumwona na furaha ile tena. Ningemwambia nini?"

Kisha akasema alipaswa kukuambia. Amesema nikuandikie na hilo.

Masahihisho yako yametoka pia kwenye lile gazeti la zamani, juzi, kona ya chini, madogo. Dokta aliyakata kwa mkasi wa kazi akayabandika kwenye kioo chake, mahali ambapo anayenyolewa hawezi kuyakwepa. Nilidhani ni kwa kukuaibisha, na nilikwenda leo asubuhi kumwambia ayatoe. Alikuwa na mwanafunzi kitini, kijana mgeni, wa kwanza kuja kwake kupitia getini. Kijana aliyasoma yote, polepole, mpaka jina.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Dokta hakuacha kunyoa.

"Ni wa hapa," akasema. "Inamisha kichwa."

Mpwa wako.